Yuniti tulinunua Texas, mtoto anataka Ohio

Ndugu washauri,

Salamu kutoka Houston. Mwaka 2012, kijana wetu wa kwanza alipokuwa na miaka minne, mimi na mume wangu tulinunua yuniti 400 za Aina ya I katika Texas Tuition Promise Fund, ule mfuko wa jimbo wa kulipia karo mapema. Tulilipa kila mwezi kwa miaka 10, miezi mingine kwa kujinyima kweli, tukamaliza mwaka 2022. Tulivyoelewa siku ile, yuniti 100 ni mwaka mmoja wa chuo, kwa hiyo 400 ni miaka minne, na karo tumeimaliza.

Sasa kijana anahitimu sekondari mwaka huu na ataanza chuo Agosti 2026. Ana barua tatu. Ya kwanza ni ya chuo cha umma hapa Texas, kilicho chini ya University of Texas System, karo yake kama dola 12,000 kwa mwaka. Ya pili ni ya chuo binafsi hapahapa Houston: karo dola 63,000, nao wamempa ruzuku ya dola 45,000 kila mwaka. Ya tatu inatoka chuo cha umma cha Ohio, na huko ndiko moyo wake uliko. Karo ya mwanafunzi asiye mkazi wa jimbo ni dola 40,000, wamempunguzia 8,000. Wifi yangu anaishi Columbus na amesema mtoto atakaa kwake.

Kanisani nimeambiwa mambo mawili yanayopingana. Mama mmoja anasema ukitoka Texas yuniti zimekufa. Mwingine anasema mwaka ni mwaka, hata chuo kiwe cha dola 60,000 mfuko utalipa. Nimefungua akaunti yetu mtandaoni, nikaona imeandikwa thamani ya uhamisho, sikujua ndiyo ipi.

Mimi ni msaidizi wa wauguzi, mume wangu ni dereva wa lori. Kwenye fomu za kodi kipato chetu ni kama dola 92,000. Nyuma ya kijana yupo binti wa darasa la nane na mdogo wao wa miaka mitano. Bibi yao aliyeko Tanga naye anapiga simu kila Jumapili, anataka mjukuu arudi asomee udaktari nyumbani. Je, hizi yuniti zinalipa nini hasa nje ya vyuo vya umma vya Texas? Tukimruhusu aende Ohio tunapoteza? Zikibaki, binti anaweza kuzitumia? Mwisho wa kulipa amana ya chuo ni tarehe 1 Mei na usingizi haupatikani.

Mama wa Watatu, Houston

*

Dada yetu Mama wa Watatu,

Hongera kwa barua tatu, na hongera kwa miezi 120 ya kulipa bila kukata tamaa. Yuniti zako hazijafa, lakini pia hazilipi mwaka mzima popote. Kina mama wote wawili wameshika nusu ya jambo.

Ahadi ya mfuko huu ina mpaka, na mpaka wenyewe ni vyuo vya umma vya Texas. Ndani ya mpaka huo yuniti ni masomo. Yuniti 100 za Aina ya I zinalipa krediti 30, yaani mwaka mmoja, karo na ada za lazima za chuo, katika chuo cha umma cha miaka minne chenye gharama ya juu kuliko vyote Texas. Karo ikipanda mara mbili, mzigo ni wa mfuko. Mtoto akienda chuo cha umma cha bei ya chini zaidi, mwaka mmoja unakula yuniti pungufu ya 100. Tuseme chuo ghali zaidi kinatoza dola 15,000 na cha kijana wako 12,000: mwaka utakula yuniti 80, miaka minne 320, na 80 zitabaki.

Ukivuka mpaka huo, ukaenda chuo binafsi au nje ya jimbo, yuniti inageuka kuwa fedha tu. Kiasi cha fedha hiyo ndicho kinachoitwa thamani ya uhamisho. Mfuko unapiga hesabu mbili kwa kila yuniti. Hesabu ya kwanza: yuniti hii ingelipa kiasi gani leo katika chuo cha umma cha Texas? Hesabu ya pili: mlinunua yuniti kwa bei gani, jumlisha faida au toa hasara ya uwekezaji wa mfuko kwa miaka yote hiyo? Kisha unalipwa ile iliyo ndogo. Hapa ndipo wazazi wengi huumia, kwa kuwa walidhani watapewa iliyo kubwa, au angalau ile ya kwanza.

Tuchukue tarakimu za mfano, maana za kwenu zimo kwenye akaunti yenu. Tuseme mlinunua kila yuniti kwa dola 110, na pamoja na faida sasa ni dola 175. Tuseme pia yuniti hiyo ingelipa dola 150 katika chuo cha umma cha Texas. Utapewa 150. Kama uwekezaji ungekwenda vibaya na hesabu ya pili ikawa 125, ungepewa 125, ingawa karo ya Texas inasema 150. Soko likifanya vizuri, karo inakuwa dari yako. Soko likifanya vibaya, soko ndilo dari yako.

Kwa sasa kuna jambo la kuangalia kwa makini zaidi. Karo ya shahada ya kwanza kwa wakazi wa Texas katika vyuo vya umma imezuiwa kupanda tangu mwaka wa masomo 2023-24, na zuio limeendelezwa hadi 2026-27. Kwa anayesoma ndani hiyo ni habari njema. Kwa anayetoka, maana yake hesabu ya kwanza imesimama palepale huku karo za Ohio na za vyuo binafsi zikiendelea na safari yake. Kwa hiyo usichukue thamani ya yuniti ya leo ukaiongezea asilimia kadhaa kila mwaka ukidhani itakua na karo ya huko. Weka tarakimu ileile kwa miaka yote minne. Ikipanda, mshukuru Mungu.

Pengine unajiuliza kwa nini jimbo liliweka kanuni kali namna hii. Mfuko wa zamani, Texas Tomorrow Fund, ulikuwa na dhamana ya jimbo lenyewe, nao ulifunga mlango kwa wateja wapya mwaka 2003, mwaka uleule Bunge la Texas lilipoviachia vyuo vya umma vijipangie karo. Mfuko wenu, ulioanza 2008, hauna dhamana hiyo. Unasimama kwa uwekezaji wake. Ukilipa fedha nyingi kwa wanaotoka, ungepungukiwa kwa wanaobaki. Kanuni ni ngumu, ila hakuna aliyekudanganya: imeandikwa kwenye mkataba mliotia saini.

Sasa barua tatu. Kwa tarakimu zetu za mfano, yuniti 400 kwa dola 150 ni dola 60,000 kwa jumla, sawa na dola 15,000 kwa mwaka au 7,500 kwa muhula.

Tuanze na Ohio, maana ndiko moyo wa kijana uliko. Karo 40,000, toa punguzo la 8,000, toa yuniti 15,000, zinabaki dola 17,000. Hapo hatujagusa malazi na chakula. Wifi yako ana moyo mzuri, lakini kabla hamjaweka nyumba yake kwenye bajeti, someni kanuni za makazi za chuo. Vyuo vingi huwalazimisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na vingine hata wa pili, kuishi bwenini, na msamaha hutolewa kwa anayeishi na mzazi au mlezi wa kisheria. Shangazi si mzazi kwenye fomu hiyo. Tuseme bweni na chakula ni dola 14,000: mnatafuta dola 31,000 kila mwaka.

Zitatoka wapi? Mkopo wa serikali kuu kwa jina la mwanafunzi anayetegemea wazazi ni dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, na 7,500 kwa kila mwaka wa tatu na wa nne. Mkopo wa wazazi, Parent PLUS, hadi sasa uliweza kuziba pengo lote. Kuanzia tarehe 1 Julai 2026, kwa wakopaji wapya, umewekewa ukomo wa dola 20,000 kwa mwaka na dola 65,000 kwa mtoto mmoja kwa muda wote. Fanya hesabu: mwaka wa kwanza 31,000 toa 5,500 toa 20,000, bado dola 5,500 taslimu. Mkikopa 20,000 kwa miaka mitatu, mwaka wa nne zitabaki dola 5,000 tu za kukopa, na kijana yuko hatua chache kabla ya kuhitimu. Mtoto anaweza kukwama mwaka huo wa nne, na ndiyo sababu tunasema hivi bila kuzunguka: kwa kipato chenu na watoto wawili nyuma yake, Ohio kwa bei hiyo hatuishauri.

Na msitegemee kwamba baada ya mwaka mmoja atahesabiwa mkazi wa Ohio. Kwa mwanafunzi anayetegemea wazazi, ukazi hufuata wazazi walipo, si bweni alilolala wala nyumba ya shangazi. Kama kijana bado anaisisitiza, aiandikie ofisi ya misaada ya fedha ya chuo, awaoneshe ofa ya chuo binafsi, aombe punguzo liongezwe. Wakati mwingine husaidia. Aulize pia punguzo la 8,000 linahitaji wastani gani wa alama ili liendelee.

Chuo binafsi cha Houston ndicho kinachowashangaza watu. Karo 63,000, ruzuku 45,000, zinabaki 18,000. Yuniti zikilipa 15,000, pengo la karo ni dola 3,000 kwa mwaka. Akiruhusiwa kukaa nyumbani, chuo chenye bango la bei ya dola 63,000 kinakuwa nafuu kuliko chuo cha umma cha Ohio kwa maelfu ya dola. Kwa hiyo msilinganishe bei za bango. Linganisheni kinachobaki baada ya ruzuku na yuniti, kwa miaka minne.

Lakini hapo kuna mtego mmoja, na lazima mwulize kabla ya tarehe 1 Mei. Vyuo binafsi vingi havitegemei FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuombea msaada wa fedha za masomo, peke yake. Vinatumia pia CSS Profile, fomu inayouliza kwa undani zaidi kuhusu mali ya familia, na kila chuo kina kanuni yake ya kuutazama mfuko wa karo uliolipiwa mapema. Kwenye FAFSA mambo yako wazi: thamani ya marejesho ya yuniti huhesabiwa kama mali ya mzazi, na mali ya mzazi huchukuliwa kwa kiwango cha juu cha asilimia 5.64. Kwa dola 60,000 hiyo ni dola 3,384 kwa mwaka zinazoongezwa kwenye uwezo wenu, si 60,000 zote. Unaandika akaunti ya mtoto huyu tu. Kama mna akaunti kwa jina la binti, haiingii. Chuo binafsi, kwenye fedha zake chenyewe, hakifungwi na asilimia hiyo. Waandikie barua pepe sentensi moja: mfuko wa Texas ukilipa dola 15,000 kwa mwaka, je, ruzuku ya 45,000 itabaki ilivyo? Jibu la mdomoni halitoshi. Mkijibiwa kwamba itashuka, basi yuniti zinakisaidia chuo, hazikusaidii wewe, na zingefaa zaidi kwa binti.

Chuo kilichobaki, kile cha University of Texas System, huenda kikawa na habari ambayo hukuifikiria. Kuanzia vuli ya 2025 mfumo huo umeahidi kufuta karo na ada za lazima katika vyuo vyake vyote vya shahada ya kwanza kwa wakazi wa Texas ambao kipato cha familia kilichorekebishwa kwenye fomu ya kodi hakizidi dola 100,000. Mwanafunzi awe anasoma muda kamili na awe amejaza FAFSA. Nyinyi mko 92,000. Ina maana kijana anaweza kusoma miaka minne bila karo, na yuniti 400 zikabaki zote.

Ahadi za namna hii hujazia pale ruzuku nyingine zinapoishia, kwa hiyo mpangilio wa malipo una maana kubwa. Usikimbilie kuujulisha mfuko ulipe. Yuniti hazijilipi zenyewe, zinatoka ukiomba. Kwanza iulize ofisi ya misaada: je, ahadi inahesabiwa kabla ya yuniti zangu kutumika, na je, ninaruhusiwa kuziacha? Ukipata ndiyo, acha karo ifutwe na ahadi, na yuniti zilale. Angalizo: kipato kinaangaliwa upya kila mwaka. Mume akifanya safari nyingi za lori mwaka mmoja mkavuka 100,000, karo ya mwaka wa masomo unaohesabiwa kwa kipato hicho mtailipa kwa yuniti. Kwa mpangilio huo yuniti zinakuwa akiba ya dharura, kazi zinayoifanya vizuri sana.

Zikibaki, ndiyo, binti anaweza kuzitumia. Mnunuzi wa mkataba, si mtoto, ndiye mwenye uamuzi, na anaweza kubadilisha mnufaika kwenda kwa mtu wa familia. Ndugu wa kuzaliwa hana shida. Ukomo ni miaka 10 baada ya mwaka ambao mnufaika alitarajiwa kuhitimu sekondari, kwa kijana wako 2036, na muda wa utumishi wa jeshi hauhesabiwi humo. Binti wa darasa la nane atahitimu 2030. Mnao muda. Msizitoe kwa fedha taslimu kwa kuogopa tu. Sheria ya kodi inasamehe faini ya asilimia 10 kwa kiasi kinacholingana na ufadhili aliopata mtoto, lakini faida bado inatozwa kodi ya mapato, na marejesho ya mfuko nayo yana kanuni zake. Kutoa fedha kuwe njia ya mwisho.

Kuna pia njia ya katikati. Sheria ya shirikisho inaruhusu fedha za akaunti za akiba ya masomo, zinazoitwa 529 kwa kifungu chake cha sheria ya kodi, kulipia malazi, chakula na vitabu, ilhali mfuko wenu unalipa karo na ada za lazima tu. Thamani inaweza kuhamishiwa kwenye akaunti ya akiba ya 529, mara moja ndani ya miezi 12 kwa mnufaika yuleyule, kisha ikalipia bweni. Kabla ya kuchagua, uombe mfuko ukupe kwa maandishi thamani tatu za yuniti zako kwa siku hiyo: ndani ya chuo cha umma cha Texas, kwa chuo binafsi au cha nje ya jimbo, na kwa kuhamisha kwenda akaunti nyingine. Usidhani zinalingana. Ukiwa na tarakimu hizo, futa 150 yetu ya mfano, weka ya kwenu, na urudie hesabu zote za hapo juu. Inachukua nusu saa na kikombe cha chai.

Mkiamua kutumia yuniti nje ya vyuo vya umma vya Texas, mambo yafuatayo ndiyo huharibika. Kwanza ni jina. Kwenye jamii zetu jina la babu linahama: mara liko mwisho, mara katikati, na kwenye mkataba wa 2012 mtoto anaweza kuwa na majina mawili wakati chuoni amejisajili kwa matatu. Mfuko unalinganisha jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya Social Security. Zikitofautiana, malipo yanasimama. Fungua akaunti leo, weka mkataba, kadi ya Social Security na barua ya chuo mezani pamoja, na kama kuna tofauti hata ya herufi, omba marekebisho sasa, usingoje Agosti.

Pili ni ukomavu. Yuniti lazima ziwe zimetimiza miaka mitatu ndipo zitumike. Zenu zimepita zamani. Ila msomaji anayenunua kidogo kidogo ajue kila yuniti ina saa yake. Ya juzi haiwezi kulipa muhula ujao hata kama za zamani zimekomaa.

Tatu ni kasi ya malipo. Vyuo vya umma vya Texas vimeuzoea mfuko. Chuo cha nje kinaweza kuwa na karani ambaye hajawahi kuusikia. Ijulishe ofisi ya mhasibu wa chuo mapema, mwezi Juni au Julai, kwamba sehemu ya karo italipwa na mlipaji wa nje, na uombe wasimfute kijana darasani au kumtoza faini ankara ikichelewa. Ankara mnayotuma kwa mfuko iwe na mchanganuo: karo mstari wake, ada za lazima mstari wake, bweni mstari wake. Ankara yenye jumla moja tu hurudishwa, kwa kuwa mfuko haulipi bweni na hauwezi kukisia. Na kila muhula taja mwenyewe idadi ya yuniti zitumike. Kwa mfano wetu ni 50. Ankara ya chuo cha bei kubwa inaweza kumeza yuniti nyingi haraka, mkajikuta mwaka wa tatu hamna kitu.

Halafu kodi, ambayo watu huiacha hadi Aprili ikawa wamechelewa. Kuna nafuu ya kodi inayoitwa American Opportunity Tax Credit, hadi dola 2,500 kwa mwaka kwa miaka minne. Inahesabiwa hivi: dola 2,000 za kwanza za karo mliyolipa wenyewe zinarudi zote, na za 2,000 zinazofuata inarudi robo. Dola ya karo iliyolipwa na yuniti haiwezi kuombewa nafuu hiyo tena. Kwa hiyo hakikisheni kila mwaka wa kalenda kuna dola 4,000 za karo zilizotoka mfukoni mwenu au kwenye mkopo. Kwa Ohio pengo ni kubwa, hilo linajitimiza. Kwa chuo binafsi pengo ni 3,000, na nafuu yake ni dola 2,250. Punguzeni yuniti saba kwa mwaka, mlipe wenyewe kama dola 4,000, nafuu inafika 2,500 na yuniti saba mmezihifadhi kwa ajili ya binti. Mkichagua chuo cha Texas na karo ikafutwa yote, nafuu hii haipo, na si hasara.

Neno mwaka wa kalenda lisiwapite. Malipo ya yuniti yaliyofanyika Desemba 2026 yahusishwe na karo iliyolipwa 2026. Mapema mwaka unaofuata itakuja fomu 1099-Q inayoonesha kiasi kilichotoka na faida iliyomo. Kama kiasi hicho hakizidi karo halali ya mwaka huo, hakuna kodi, lakini hifadhini ankara zote pamoja na fomu hiyo. Na kijana akiacha somo baada ya mfuko kulipa, chuo kikamrudishia fedha, mnazo siku 60 za kuzirudisha kwenye akaunti ya 529. Zikipita, faida iliyomo inatozwa kodi na faini.

Kwa wasomaji wa majimbo mengine, msichukue kanuni ya Texas mkaivaa. Washington, katika mpango wake wa GET, kila yuniti ina thamani moja ya malipo kwa mwaka husika, iwe chuo ni cha Seattle au cha Boston. Florida hulipa chuo cha nje kiasi ambacho mkataba ungelipa katika chuo cha umma cha Florida, na kwa kuwa karo ya umma huko ni ya chini sana, hundi huwa ndogo kuliko wazazi walivyotarajia. Michigan, jimbo lililotangulia wote kwa sheria ya 1986, hutumia wastani wa karo za vyuo vyake vya umma. Swali la kuuliza ni lilelile: nikitoka, mnalipa kiasi gani, na mnakihesabuje?

Kwa yule mdogo wa miaka mitano, kama mnaona watoto wenu huvutwa na vyuo binafsi, kuna mpango wa aina nyingine, Private College 529 Plan, unaounganisha karibu vyuo binafsi 300 vya Marekani nzima. Unanunua leo sehemu ya karo ya kesho katika chochote kati ya vyuo hivyo, na cheti lazima kikae angalau miezi 36 kabla ya kutumika. Mtoto asipoingia hata kimoja, unarudishiwa fedha na faida isiyozidi asilimia 2 kwa mwaka. Huo ni ukomo mdogo, kwa hiyo msiweke humo kila kitu.

Bibi wa Tanga mjibuni kwa heshima, na kwa ukweli. Chuo kilicho nje ya Marekani kinahesabika kwenye sheria hii pale tu kinapokuwa na namba kwenye orodha ya vyuo ya FAFSA. Kijana aingie kwenye tovuti ya FAFSA, atafute jina la chuo cha Tanzania anachokitaka bibi. Kikiwepo, ulizeni mfuko kwa maandishi kama unakilipa. Kisipokuwepo, fedha za yuniti zikipelekwa huko faida yake itatozwa kodi na faini ya asilimia 10, na kwa udaktari wa Tanga au Dar es Salaam ingekuwa nafuu kulipa kutoka mifukoni na kumwachia binti hizo yuniti.